Kichocho kwa Sauti Nne

Ukuta uliotenganisha darasa la mwalimu jirani yangu na langu haukufika kwenye bati. Mafundi waliuacha njiani tofali zilipoisha, na juu likabaki pengo refu. Kila kilichosemwa darasa la nne kilivuka pengo hilo na kutua darasa la tano, nilikokuwa nafundisha Kiswahili. Haukupita muda mrefu nikawa najua masomo ya upande wa pili karibu sawa na wanafunzi wenyewe.

Nilikuwa nimehamia hapo kutoka Uyole. Shule yenyewe ni ya msingi, kando ya barabara kuu, jirani na Igawa. Uyole tulifundisha tukiwa tumevaa masweta hadi saa nne. Hapa saa tatu tu jasho linatiririka, na upepo ukigeuka unaleta pumba kutoka kwenye mashine za kukoboa mpunga. Kero kubwa, hata hivyo, ilikuwa malori. Yanayokwenda Tunduma na yanayorudi Dar es Salaam yote yalipita karibu na madarasa, na sisi walimu tulikuwa na desturi moja: lori likinguruma, unanyamaza na chaki yako mkononi mpaka lipite, kisha unaendelea na sentensi pale ulipoiachia. Mwalimu wa darasa la nne hakunyamaza. Lori likija, alipandisha sauti kidogo, watoto wakapandisha naye, likapita katikati ya wimbo bila mtu kupoteza neno.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, mzaliwa wa kijiji cha milimani huko Iringa. Baba yake alifundisha kwaya ya Kilutheri, mama yake aliongoza sauti ya kwanza, na ndugu zake waligawanywa kwenye sauti zilizobaki kadiri walivyozaliwa.

"Kwetu hata tukigombana tulikuwa tunagombana kwa sauti nne," aliwahi kuniambia. "Baba akiwa besi, hakuna aliyeshinda."

Hakuwa na kinanda wala ngoma. Alikuwa na rula ya mbao aliyoigonga kwenye meza, na kile kipaji cha kutoa sauti ya kuanzia papo hapo, bila kutafuta. Anafungua mdomo, sauti imekaa mahali pake.

Kwa nini aliimba, nilikuja kuelewa nilipowatazama watoto wake. Wengi nyumbani walizungumza Kisangu, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, na Kiswahili walikipata shuleni na barabarani. Wapo waliofika darasa la nne hawajawahi kujibu swali kwa sauti. Ukimwuliza, anaangalia vidole vya miguu yake mpaka umwonee huruma na kumpita. Lakini wote hawa waliimba. Nilimwona mtoto mmoja wa kiume, ambaye wiki nzima sikumsikia akitamka jina lake, akiimba "vimelea hupenya ngozi" kwa kujiamini kama mtangazaji. Mtu akiimba na wenzake, hakuna anayemcheka akikosea. Kosa lake linamezwa na sauti ya jirani. Kesho yake anarudia, kosa limepungua. Huo ndio mlango ambao mwalimu yule aliupata, na sikumwona mwingine katika shule yetu aliyeupata.

Alikuwa na utaratibu. Wimbo haukuanza mpaka kila neno liwe limeeleweka. Somo la kichocho, kwa mfano, lilianza na konokono. Alimleta ndani ya chupa ya jemu kutoka kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, alikomwokota kwa mfuko wa plastiki mkononi, akampitisha kwa watoto mmoja mmoja wamtazame.

"Huyu ana kosa gani?" aliwauliza.

"Hana!"

"Hana kweli. Yeye ni nyumba tu. Wapangaji wake ndio wabaya."

Baada ya hapo aliandika ubaoni maneno, na juu ya maneno akaandika herufi za noti, d, r, m, f, kama zinavyoandikwa kwenye karatasi za kwaya. Kisha aligawa darasa kwa mistari ya madawati. Mstari wa dirishani sauti ya kwanza: wao waliimba chanzo cha ugonjwa. Mstari wa pili sauti ya pili: dalili zake. Mstari wa tatu sauti ya tatu: namna unavyoenea. Mstari wa ukutani, wavulana watupu, besi: kinga. Besi yenyewe ilikuwa ya watoto wa miaka kumi wanaobana videvu shingoni ili sauti ishuke, na haikushuka. Ila walisimama kama mabesi, miguu imetanuliwa, na kila walipofika kwenye "tujenge choo, tutumie choo" meza zilitetemeka.

Sauti nne zilipokutana, nilisimamisha somo langu. Wanafunzi wangu wa darasa la tano waliweka kalamu chini bila kuambiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba habari ya kukojoa damu inaweza kuimbwa vizuri hivyo.

Si wote waliofurahi. Mwalimu wa darasa la saba, jamaa mcheshi lakini mwenye wasiwasi wa mtihani wa taifa, alimsubiri ofisini wakati wa chai.

"Madam, mkutano wa injili unaisha lini? Maana mimi huko nina watoto wanatafuta eneo la mche duara, nyie mnatuletea konokono."

"Kaka, waambie nao waimbe eneo."

"Waimbe? Hawa wangu wakiimba mche duara, msahihishaji atawajibu amina."

Ofisi nzima ilicheka, naye akacheka. Lakini malalamiko yalikuwa yamefika kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kucheka upesi. Alimwita siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona nikisahihisha insha, hakuniambia nitoke.

"Mwalimu," alisema, "mimi sina ugomvi na nyimbo. Lakini darasa la nne wana upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, na asiyefaulu anarudia darasa. Kabla ya hapo kuna mtihani wa majaribio wa kata. Tutautumia huo. Darasa lako likipanda kuliko la mwaka jana, imba mpaka bati ling'oke. Lisipopanda, nyimbo zinaisha, wanaandika nukuu daftarini kama wengine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkuu."

Alitoka akitembea vilevile kwa haraka. Nje aliniambia jambo moja tu: "Jirani, wakianza kuandika nukuu, wale wa vidole vya miguu nawapoteza wote."

Majuma yaliyofuata aliongeza kasi. Malaria, kipindupindu, minyoo, kila ugonjwa ukapata sauti nne. Nilimwona akishika vitu ambavyo kitabu kimevipitia juu juu na kuvifanya vikae kichwani. Nilikuwa na hakika atafaulu. Naye alikuwa na hakika. Mpaka siku aliyokuja mama mmoja muuza mchele.

Mama huyo alikuwa na kibanda kwenye stendi ya Igawa, pale mabasi yanaposimama abiria wanunue mchele. Wazee wake walitoka pwani zamani na biashara, wakabaki, na Kiswahili chake kilitiririka kuliko chetu sisi tuliolipwa kukifundisha. Bintiye alikuwa darasa la nne. Aliingia ofisini wakati wa chai akiwa na ushungi mweupe na mikono yenye vumbi la mchele.

"Hodi hapa. Asalaam aleikum."

Tuliitikia. Mwalimu wa darasa la nne alisimama. "Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza jambo dogo, lisije likawa kubwa. Binti yangu anaimba tangu anapoamka. Anaosha vyombo, kichocho. Anafagia, kichocho. Nikasema alhamdulillahi, mtoto anasoma. Jana nikamwambia, haya mama, hebu nieleze, hicho kichocho mtu anakipataje? Unajua kanijibu nini?"

"Amekujibu nini?"

"Kaniambia, 'Mama, hiyo ni ya sauti ya tatu. Mimi ni sauti ya pili.'"

Chai ilimpalia mwalimu wa darasa la saba.

"Subiri, baba, sijamaliza," mama alimwambia. "Nikamwuliza, na kujikinga je? Akasema kinga wanayo besi, nimwulize mtoto wa fundi baiskeli. Sasa mwalimu, mimi nimeleta mtoto mmoja shuleni. Nikitaka kujua kichocho chote, niite mtaa mzima?"

Sasa hakuna aliyejizuia. Hata mwalimu mkuu, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso ukutani. Mwalimu wa darasa la nne peke yake hakucheka.

"Mama, kwaya ndivyo ilivyo," alisema polepole. "Kila mtu ana sauti yake. Zikikutana, wimbo unakamilika."

"Naam. Na mtihani, unafanywa na kwaya?"

 Kengele iligongwa, akachukua rula yake akaenda darasani. Mimi nilikwenda kwangu, nikawapa watoto kazi ya kunakili, nikasikiliza.

Hakuimba. Aliuliza tu.

"Sauti ya kwanza, nani ataniambia kinga ya malaria?"

Kimya.

"Besi. Chanzo cha kipindupindu?"

"Sio yetu, mwalimu!" mmoja alijibu, tena kwa nguvu, kama aliyeonewa.

Akazunguka mistari yote minne. Kila mtoto alijua kipande chake bila kukosa hata neno, na alikuwa hajui kipande cha mtu mwingine. Mtihani wa kata ulikuwa karibu, na darasa zima lilikuwa limesoma robo ya Sayansi.

Jioni tulitembea pamoja kuelekea barabarani. Tulipofika kwenye daraja la mfereji alisimama.

"Nimewafundisha robo robo," alisema. "Unajua, kwetu mtu anaimba sauti yake, lakini Jumapili baada ya Jumapili anaisikia ya mwenzake, anazeeka anazijua zote. Nilidhani na hawa wanasikia."

"Wanasikia, si wamekaa pamoja?"

"Hawasikii. Mimi mwenyewe niliwafundisha kuziba sikio moja, wasivutwe na sauti ya jirani. Ndivyo baba alivyotufundisha." Akaweka kidole sikioni kunionyesha. "Anayejifunza sauti yake anapigana na za wengine. Niliwaambia wasisikilizane, na wamenitii."

Mtu mwingine angeficha hilo, au angemlaumu mama wa watu kwa kuja kumwaibisha mbele ya wenzake. Yeye alinishika mkono tukavuka barabara, tukaenda moja kwa moja hadi kibanda cha mchele.

Mama alikuwa anapepeta. Alitupa vigoda bila kuacha kazi.

"Nimekuja kukuuliza, mama," mwalimu alisema. "Nyinyi kule chuoni, madrasa, watoto wanasoma kwa sauti, wote pamoja, nawasikia jioni nikipita. Mbona kila mmoja anajua yote?"

Mama alisimamisha ungo. Nadhani alitegemea ugomvi. "Kwa sababu wanasikilizwa," alisema. "Kusoma wanasoma pamoja, sauti moja, wakubwa wanawavuta wadogo. Lakini siku yako ikifika unakaa mbele ya ustadhi peke yako. Unaanza mwanzo unamaliza mwisho. Ukikwama, unarudi kwa wenzako kusoma, kesho unasikilizwa tena. Hakuna wa kukushikia kipande."

"Na watoto ni wengi. Ustadhi anamaliza saa ngapi?"

"Hamalizi yeye. Aliyefuzu anamsikiliza asiyefuzu. Ustadhi anawasikiliza wale wanaosikiliza."

Mwalimu alirudia maneno hayo kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, kama mtu anayejaribu wimbo mpya. Kisha akanunua kilo mbili za mchele asiouhitaji, nasi tukaondoka.

Nilichokisikia kupitia lile pengo la ukuta tangu asubuhi ya pili kilikuwa darasa lingine. Aliuvunja ule wimbo. Akatunga tuni nyepesi ya mstari mmoja, yenye kupanda taratibu na kushuka, ambayo mtoto yeyote angeimba peke yake kuanzia chanzo hadi kinga. Waliiimba wote pamoja mara ya kwanza; mara ya pili nusu yao wakaimba na nusu wakasikiliza; kisha wawili wawili, mmoja akiimba na mwenzake akiwa ameinua kidole. Akiruka neno, kidole kinashuka, anarudi mwanzo. Aliyemaliza bila kidole kushuka alikwenda kusikilizwa na mwalimu, na akifuzu, akawa msikilizaji. Darasa lilivuma kama mzinga. Mwalimu wa darasa la saba alikuja kuchungulia mlangoni, akaondoka akikuna kichwa, maana safari hii hakukuwa na kelele ya kulalamikia.

Zile sauti nne hakuzitupa. Alizifanya zawadi ya Ijumaa, kabla ya watoto kuondoka, na kila juma mistari ilibadilishana: aliyekuwa besi akawa sauti ya kwanza, akalia kwa kicheko kujisikia anavyopiga yowe. Hakuna aliyeziba sikio tena.

Mama muuza mchele alipita siku moja na chai ya kumpelekea bintiye, akasimama varandani akisikiliza ile tuni mpya.

"Hii sasa haina kanisa wala msikiti," alisema.

"Ina Sayansi tu, mama."

"Ee. Ule wa kwanza ulikuwa kwaya ya kanisa kabisa. Niliogopa kukuambia siku ile, nikaona lile la vipande linatosha."

Wote wawili walicheka, wameshikana mikono.

Kilibaki kitu kimoja. Chumba cha mtihani kinataka kimya, na watoto wake walizoea kulipata jibu wakiwa wanaliimba. Kwa hiyo siku za mwisho aliwafundisha kuimba bila sauti. Kwanza midomo imefungwa, wanaguna tuni. Kisha hata kuguna hakuna. Kidole tu kinagonga dawati, polepole, na wimbo unakwenda ndani ya kichwa. Alisema ndivyo wanavyofanya wanakwaya wakiwa nje ya kanisa la wenyeji wao, wakisubiri kuitwa, wakipitia wimbo kila mtu kwa ndani. Nilichungulia nikaona darasa lililojaa likiimba wimbo mzima bila mlio wowote, na yeye mbele akiwaongoza kwa rula hewani. Walifika mwisho kwa pamoja. Vidole vyote vilisimama mara moja.

Siku ya mtihani wa kata tulibadilishana madarasa, kama utaratibu unavyotaka. Yeye alisimamia darasa lingine, mimi nikasimamia lake.

Karatasi ya Sayansi ilikuja baada ya mapumziko. Niligawa, nikasema anzeni, nikasimama nyuma. Mambo yalikwenda vizuri. Mmoja mmoja walifika kwenye swali la kichocho, nami nilijua wamefika bila kusoma karatasi zao: kidole kilishuka kwenye dawati kikaanza kugonga. Waliokaa mstari wa ukutani walibana videvu shingoni, kwa mazoea. Nilikuwa natazama hilo nikitabasamu niliposikia mguno.

Ulikuwa mdogo, midomo imefungwa, kutoka nyuma. Nadhani mtoto mwenyewe hakujua kwamba anatoa sauti. Wa mbele yake akaudaka. Kisha mstari wa dirishani ukajibu juu, mstari wa tatu ukaingia katikati, na kabla sijafika mbele ya darasa, chumba kizima kilikuwa kinaguna kichocho kwa sauti nne, vichwa vimeinamia karatasi, kalamu zinaandika. Hawakuwa wanafanya ujanja. Walikuwa wamesahau kwamba wapo chumba cha mtihani.

Nilipiga kifutio mezani. "Kila mtu kwake!"

Mguno ulikatika papo hapo. Macho yote yakaniangalia kwa hofu, na mengine yakaangalia nyuma yangu. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni.

"Hawa wanafanya mtihani au ibada?" aliuliza.

"Wameguna, mkuu. Hakuna neno lililotamkwa."

"Wimbo wanaujua wote. Neno la nini tena? Aliyesahau amekumbushwa na mwenzake." Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Wamalize. Lakini swali hilo silihesabu. Na makubaliano yangu na mwalimu wao, nayo siyaoni."

Watoto walimaliza. Nilikusanya karatasi, nikampelekea ofisini, nikamweleza nilichokiona kwa utaratibu, tangu kidole cha kwanza mpaka mguno wa mwisho. Nilimwambia hao watoto wanajua, mmoja mmoja, kila kipande, na kwamba nimewasikia wakisikilizwa. Alisogeza karatasi pembeni.

"Basi nitawasikiliza mimi," alisema. "Nitachagua mwenyewe. Wewe kaa hapo uone sijamwonea mtu. Mwalimu wao abaki nje."

Alibaki varandani, ameegemea nguzo, mikono nyuma.

Wa kwanza aliyeitwa alikuwa yule mvulana wa vidole vya miguu, aliyekuwa akiimba kama mtangazaji. Mwalimu mkuu alimwambia aeleze ugonjwa wa kichocho bila kuimba. Mtoto alifumba macho, akavuta pumzi, akatoa chanzo, dalili, kuenea na kinga kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika, akafumbua macho kama aliyetoka kupiga mbizi.

Moyo wangu ulipanda. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa.

"Kasuku huyo," alisema mtoto alipotoka. "Amekariri. Hata redio inasema yote hayo."

Akatoka mwenyewe hadi uwanjani, akarudi na binti wa muuza mchele, aliyemkuta akiruka kamba. Mtoto alikuwa bado anahema.

"Wewe. Mimi sitaki wimbo. Mtu ana shamba la mpunga. Lazima aingie majini, hana namna. Afanyeje asipate kichocho?"

Hilo halikuwamo kwenye wimbo. Wimbo ulisema tujenge choo na tusiingie kwenye maji machafu, basi. Binti aliangalia sakafu. Kidole chake kikaanza kugonga pembeni ya sketi, kikasimama.

"Avae mabuti, mwalimu."

"Hana hela ya mabuti."

"Basi..." Alifikiri. "Basi asikojoe majini. Na jirani yake asikojoe. Maana akikojoa mmoja mwenye ugonjwa, konokono wanapata, halafu wanawapa wote. Wajenge choo huko huko shambani, hata cha magunia."

"Ameshaingia tayari. Miaka yote anaingia."

"Basi akapime. Wakimkuta nao wanampa dawa." Akamwinulia macho. "Mwalimu, wewe si una shamba Madibira?"

Sote tulijua. Kila msimu alikwenda huko na kurudi na tope kwenye suruali.

"Ninalo," alisema mwalimu mkuu.

"Unavaa mabuti?"

Nilitazama dari. 

"Sivai," alisema.

"Umeshapima?"

"Sijapima."

"Zahanati wanapima, mwalimu," alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Huchomwi sindano. Wanakupa kichupa, unaweka mkojo, unawarudishia. Mama alinipeleka juzi, nilipomwambia yote. Haikunichukua hata muda."

Mwalimu mkuu alikaa. Alichukua kalamu, akaiweka chini. 

"Nenda kacheze," alimwambia hatimaye. Na mtoto alipofika mlangoni, "Ahsante."

 Lori lilipita, tukalisubiri lipite.

"Swali la kichocho lisahihishwe kama mengine," alisema. "Mwambie mwalimu aendelee na nyimbo zake. Ila mtihani wa taifa ukija, huko ndani wawe kimya kweli. Msimamizi wa kutoka nje hatawasikiliza kama mimi."

Nilitoka. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa bado kwenye nguzo yake, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi juu ya kichwa chake.

"Amesema uendelee," nilimwambia.

"Nimesikia." Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na hapohapo anacheka. "Jirani, umesikia habari ya kichupa?"

"Nimesikia."

"Haimo kwenye wimbo ile. Wala choo cha magunia hakimo. Sikumfundisha mimi."

Alisema hivyo mara mbili tukiwa tunatembea kwenda madarasani, mara ya pili polepole zaidi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kitu kikubwa kuliko alichoomba.